Kufunga mwamba wa pweza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kamati yetu imeshafunga na kufungua mwamba mara kadhaa, na kila tukialikwa kijiji kingine kusimulia tunaulizwa yale yale. Tumeyaandika hapa pamoja na majibu tunayoyatoa, yakiwemo yale ambayo wenyeji wetu hawakufurahi kuyasikia. Mifano mingi ni ya Unguja, Pemba, Kilwa na Mafia, lakini mvuvi wa Lamu au Kwale hatapotea.

## Mambo ya mwanzo

1. Kufunga mwamba ni kufanya nini hasa?

Kijiji kinakubaliana kwamba sehemu fulani ya mwamba haitachokolewa pweza kwa muda uliotajwa, mara nyingi miezi mitatu. Mwamba uliobaki unaendelea kuvuliwa kama kawaida. Muda ukitimia, sehemu ile inafunguliwa kwa siku iliyopangwa, na watu wote wanajua saa ya kuanza. Baadaye inafungwa tena.

Hiyo siyo hifadhi ya serikali, na mwamba haubadilishi mmiliki. Ni sawa na mtu anayeacha muhogo shambani ukomae badala ya kung'oa kila kinachochungulia.

2. Kwa nini pweza, na siyo changu au chewa?

Kwa sababu pweza ana haraka. Pweza wa miamba yetu haishi sana zaidi ya mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo maisha yake yote lazima ayamalize katika muda huo: akue, apate mwenza, jike atage mara moja tu, afe. Kuna kipindi cha ujana wake ambapo anaweza kukaribia kuongeza uzito maradufu ndani ya mwezi mmoja. Yule wa nusu kilo uliyemwacha leo, akiokoka meno ya mkunga, baada ya bamvua chache (yale maji makubwa yanayorudi kila wiki mbili) ni mnyama mwingine.

Chewa anahitaji miaka. Ukimwambia mtu asubiri miaka mitano atakuuliza watoto wale nini kwa miaka mitano. Ukimwambia miezi mitatu, atakunja uso, lakini atakusikiliza. Habari ya samaki iko swali la 19.

3. Haya si mambo ya wageni yaliyoletwa na miradi?

Lilivyo sasa, jambo hili lilianzia kwa wavuvi wa Kivezo, kusini-magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka kilifunga eneo la mwamba kwa miezi kadhaa kikisaidiwa na shirika la Blue Ventures. Walipofungua, majirani waliona matenga yanavyorudi wakataka na wao. Leo ushirika wa vijiji vya eneo hilo unaitwa Velondriake, yaani kuishi na bahari, na sheria zao huzipitisha kwa *dina*, ambayo ni makubaliano ya kijadi yanayotambuliwa na serikali yao.

Kutoka hapo wazo lilisafiri kwa wavuvi kutembeleana. Kisiwa cha Rodrigues, kilicho chini ya Mauritius, kilifunga uvuvi wa pweza kisiwa kizima kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Kwetu limeingia Kisiwa Panza huko Pemba, vijiji vya kusini mwa Unguja, Songosongo huko Kilwa, na Kenya lipo upande wa Pate.

Na tuseme ukweli, kuiacha bahari ipumzike hakukuanza na mradi. Wazee walikuwa na miiko yao, mahali hapavuliwi, siku haivuliwi. Tulichokosa kwa miaka mingi ni mtu wa kuisimamia miiko hiyo baada ya wao kuondoka.

4. Lakini inafanya kazi kweli, au ni maneno ya semina?

Inafanya kazi, kwa mipaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipitia mafungo 36 ya Madagaska. Katika siku 30 baada ya kufungua, pweza waliotoka kwenye maeneo yale waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700 kulinganisha na siku 30 kabla ya kufunga. Namba hiyo ndiyo utakayoisikia kwenye kila semina.

Namba ya kubeba nyumbani ni nyingine: kwa kila mvuvi, kwa siku, ongezeko lilikuwa kama asilimia 87. Tofauti hiyo imetoka wapi? Siku mwamba unapofunguliwa watu wanakuwa wengi kuliko kawaida. Pweza ni wengi na mikono ni mingi. Kwa hiyo ukimwahidi mama fulani kwamba atapata mara saba, umemdanganya. Mwambie anaweza kukaribia mara mbili, tena pweza wakubwa, kisha umwonyeshe ilivyokuwa kwa majirani.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine linalosahaulika: wakati wa kufunga, kipato cha vijiji kutokana na uvuvi hakikushuka kwa kiasi cha kuonekana. Sababu ni kwamba walifunga kama sehemu moja ya tano tu ya miamba yao.

## Kabla ya kufunga

5. Tuanzie wapi?

Kwa wanaoingia mwambani kwa miguu. Mkutano wa kwanza ukiwa wa wenye boti na wenye viti, mtakubaliana upesi kufunga sehemu ambayo wao hawaitumii. Tumeliona hilo kwa macho. Kijiji kimoja kilifunga kipande cha mwamba kilicho karibu kabisa na nyumba, na wanaume wakapiga makofi. Kipande hicho ndicho pekee ambacho bibi wa miaka sitini anaweza kufika na kurudi kabla maji hayajamkuta. Mwezi haukuisha, kufunga kukafa.

Kwa hiyo kaeni kwanza na akina mama, siku ya maji mafu, bahari isipopwa sana na wao hawana haraka, mchore mwamba chini kwenye mchanga. Waache wao wataje majina. Kila bonde, kila kichwa cha mwamba, kila mlango wa maji una jina, na wanaojua pweza analala wapi ni wao. Baada ya hapo nendeni kwa wazamiaji, halafu wachuuzi, mwisho ndiyo mkutano mkuu.

6. Tufunge ukubwa gani?

Usizidi robo ya mwamba mnaoutegemea, na mara ya kwanza hata chini ya hapo. Chagueni mahali penye sifa tatu: pweza wanapajua, panaonekana kutoka nchi kavu, na mpaka wake hauhitaji kuelezwa. Ukianza kusema "kutoka boya la pili kuelekea kaskazini hatua mia mbili," umeshapotea. Tumieni vitu vya bahari yenyewe, kama mkondo, kisiwa, mkoko au mwamba mkubwa unaotoka maji yakipwa. Maboya ya madumu yanafaa kuongezea, ila kusi, ule upepo wa kusini, likichacha yanakwenda na maji.

7. Miezi mingapi, na msimu gani?

Miezi mitatu imezoeleka na inatosha. Mkifunga miwili mnaona tofauti ndogo. Mkivuta hadi sita au saba, majike wengi watakuwa wameshataga na kufa, na nyinyi mtafungua mkute watoto wao. Si hasara kwa bahari, ila watu walioahidiwa pweza wakubwa hawatakuelewa.

Msimu ni wa kuamua wenyewe. Wengine hufunga wakati wa kusi, bahari ikiwa mbaya na wageni wachache. Wengine hukataa kabisa, kwa sababu kusi ndipo vyombo vidogo vinashindwa kutoka nje ya mwamba na kitoweo kinategemea kupwa. Angalieni pia kalenda ya dini. Tarehe ya kufungua ikiangukia wiki mbili kabla ya Idi, watu watavumilia, maana kila mmoja anajua nguo za watoto zitatoka wapi. Ikiangukia katikati ya Ramadhani, mtawatesa waliofunga.

Siku yenyewe lazima iwe ya bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Hapo maji ya kwetu hukauka sana kuanzia kama saa nne asubuhi na mwamba unabaki wazi muda wa kutosha.

8. Sheria inaturuhusu kufunga bahari ya Mungu?

Inaruhusu, ila kila mahali pana mlango wake. Tanzania Bara kazi hii hupitia BMU, vile vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi vilivyo chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003, pamoja na sheria ndogo zinazopitishwa na halmashauri. Zanzibar hupitia kamati ya uvuvi ya shehia chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010. Kenya nako ni BMU, na sheria kuu ni ya 2016. Kama mwamba uko ndani ya hifadhi, kwa mfano Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa 1995, ongeeni na hifadhi kabla ya yote.

Mnaweza kuanza kwa makubaliano ya mdomo, na vijiji vingi huanza hivyo. Lakini siku mtakapomkamata mtu wa wilaya nyingine, makubaliano ya mdomo hayatawasaidia. Andikeni, mgonge mihuri, nakala moja ikae kwa afisa uvuvi.

9. Tunahitaji mfadhili?

Si lazima. Gharama za kufunga ni mikutano, maboya, mizani, daftari na mafuta ya doria. Mfadhili husaidia sana kwa jambo moja: kuwasafirisha watu wenu wakaone kijiji kilichofanya. Mama mmoja aliyesimama kwenye mwamba wa wenzake siku ya kufungua anazidi semina kumi.

Hatari ya mfadhili ni posho. Doria ikizoea kulipwa na mradi, mradi ukiondoka doria nayo inaondoka, wiki hiyo hiyo. Ni bora kidogo cha kwenu (swali la 16).

## Mwamba ukiwa umefungwa

10. Miezi mitatu hiyo tutakula nini?

Mtakula kutoka kwenye mwamba uliobaki. Ndiyo maana swali la 6 linasisitiza udogo. Kama kuna familia ambayo kipande kilichofungwa ndicho chao pekee, mwisho wa mkutano msiseme "tutavumiliana". Semeni nani ataipa nafasi gani. Vijiji vingine vimewaachia wazee sehemu ndogo ya karibu isiyofungwa kamwe, wazamiaji wasiguse. Hiyo tunaipenda.

11. Doria ifanyikeje?

Kwa macho zaidi kuliko boti. Mwizi wa pweza hana nyavu ya kukamata. Ana kichuma na ndoo, akiwa mzamiaji ana miwani. Anakuja maji yakipwa, na maji yanapopwa kila mtu anajua. Basi zamu ziwe siku za bamvua, mchana na usiku, maana maji yanakauka mara mbili kwa siku na usiku mtu huja na taa. Siku za maji mafu walinzi wapumzike.

Wapeni zamu wanawake pia. Kuna mlinzi mmoja tunayemjua ambaye kazi yake ni mwani. Shamba lake la mwani linapakana na eneo lililofungwa. Yuko majini kila bamvua hata hivyo. Hajawahi kulipwa boti wala mafuta, na hakuna aliyempita.

12. Aliyekamatwa ni mtoto wa ndugu yangu. Nifanye nini?

Alipe faini ile ile. Hapa ndipo kamati nyingi huvunjika, na siyo kwa wezi wa nje. Tulipomsamehe kijana mmoja kwa sababu baba yake ni mjumbe, bamvua iliyofuata walikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na mjumbe wake.

Ila faini iwe ya kulipika. Faini kubwa kuliko kipato cha mwezi hailipwi na hakuna anayethubutu kuitoza. Kuna vijiji vinavyotoza pesa kidogo pamoja na kumzuia mhusika kuingia siku ya kufungua. Adhabu ya pili ndiyo inayouma.

13. Wavuvi wa dago, wale wageni wanaopiga kambi, wakija je?

Wapelekeeni habari kabla hawajapiga kambi. Mgeni hupokelewa na mwenyeji, na mara nyingi kuna mtu kijijini anayewakaribisha dago, anayewauzia maji, kuni na chakula. Huyo ndiye wa kuongea naye. Akijua kwamba wageni wake wakivunja sheria yeye ndiye atakayeulizwa, atawaeleza vizuri kuliko bango lolote.

Wakija na baruti au nyavu ya kokoro, hilo limeshatoka kwenye mambo ya kamati. Piga simu kwa afisa uvuvi na polisi, msiwafuate wenyewe baharini.

## Siku ya kufungua

14. Siku yenyewe huwaje?

Acha tusimulie moja. Saa mbili asubuhi maji bado yanashuka, na pwani imeshajaa. Kuna ndoo, kuna madumu yaliyokatwa shingo, kuna matenga, kuna mtoto amefungwa mgongoni. Vijana wamevaa miwani kichwani kama mafundi. Mizani ya kamati imening'inizwa kwenye tawi la mkungu na karani ameshafungua daftari. Mawakala wamekuja na masanduku ya barafu, wamekaa kivulini na hawasemi bei.

Mwenyekiti anasoma masharti: hakuna kupindua mwamba, hakuna utupa (sumu ya mmea), hakuna pweza chini ya gramu 500, kila mmoja atapima kwenye mizani ya kijiji kabla ya kuuza. Halafu filimbi. Wanaokimbia ni vijana. Akina mama wanatembea, wanatazama chini. Hawatafuti pweza, wanatafuta taka za nyumba yake: magamba ya kaa na vipande vya kombe vilivyotupwa mlangoni, mchanga uliofagiliwa. Mmoja akasimama, akaingiza kijiti taratibu, akakizungusha kama mtu anayekoroga uji. Mkono mmoja ukatoka ukakishika kijiti. Akangoja. Wa pili, wa tatu. Ndipo akavuta. Akamgeuza kichwa ndani nje kwa vidole viwili, akamtia kwenye tenga, akaendelea kutembea. Kilo tatu na kitu, mizani ilisema baadaye.

Ikifika saa sita maji yanarudi na watu nao. Foleni ya mizani ni ndefu, maneno ni mengi, na hapo ndipo maswali mawili yanayofuata yanapozaliwa.

Gramu 500 ni kipimo cha kanuni za uvuvi za Tanzania. Madagaska walianza na gramu 350. Kwa maoni yetu hata hizo 500 ni kidogo, lakini kipimo kinachofuatwa ni bora kuliko kikubwa kinachochekwa.

15. Kwa nini bei inashuka siku hiyo hiyo?

Kwa sababu nyote mnauza saa ile ile, bidhaa inayoharibika, kwa watu watatu wenye barafu. Mara yetu ya kwanza wakala mmoja alitangaza bei ya kawaida asubuhi, kisha ilipofika saa saba akasema masanduku yamejaa na anayetaka kuuza ashushe. Watu walishusha. Tuliongeza pweza, tukapunguza shilingi.

Tangu hapo tunafanya hivi. Wiki tatu kabla, kamati inawaita wanunuzi wote kwa wakati mmoja na kila mmoja anataja bei ya kilo, kwa madaraja: wa chini ya kilo, wa kilo moja hadi mbili, wa zaidi. Bei inaandikwa na kusainiwa, na anayeshusha haruhusiwi msimu ujao. Pili, tunafungua siku tatu badala ya moja, tukigawa mwamba, ili barafu itoshe. Tatu, wanawake wanaokaanga pweza wa mtaani na wale wa supu ya jioni wanahesabiwa kama wanunuzi na wanatajiwa fungu lao mapema. Kilo zao ni chache, lakini hawashushi bei.

Pweza mwingi wa pwani yetu huishia Ulaya, hasa kwenye nchi za kusini kama Italia, Hispania na Ureno. Huko wanamtaka mkubwa. Wakala anajua hilo, na wewe ukiwa mezani naye ulijue.

16. Kamati ipate pesa wapi?

Kwenye mizani. Kubalianeni kiasi kidogo kwa kila kilo inayopimwa siku ya kufungua, akilipe mnunuzi. Vijiji vingine hutoza pia kiingilio kwa wavuvi wa nje. Hesabu zisomwe hadharani jioni ile ile, watu wakiwa bado wamelowa. Mkingoja mkutano wa mwezi ujao, minong'ono itakuwa imeshafika mbele yenu.

Daftari hilo lina faida nyingine. Jina, kilo, idadi ya pweza. Ukigawa kilo kwa idadi unajua wastani wa ukubwa, na huo ndio utakaokuambia baada ya misimu minne kama mwamba unapanda au unashuka. Hakuna mtaalamu atakayekuja kukukumbushia ilivyokuwa mwaka juzi.

17. Wazamiaji wenye miwani wanawamaliza pweza kabla akina mama hawajafika. Hii ni haki?

Siyo haki, na likiachwa, kufunga mwamba kunageuka kuwa njia ya kuhamisha pweza kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume. Ripoti ya 2023 ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na wenzake inasema watu wanne kati ya kila kumi wanaojishughulisha na uvuvi mdogo duniani ni wanawake. Kwenye mwamba wa kupwa kwetu, wanawake ni wazoefu tangu enzi za bibi zao. Bei ya pweza ilipopanda, vijana wakanunua miwani wakahamia.

Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni ya saa na mahali. Siku ya kwanza ni ya wanaotembea kwa miguu tu, bila miwani wala mapezi, na hata mwanamume anaruhusiwa akikubali kutembea. Siku ya pili wazamiaji wanaingia, kwenye maji ya kina. Vijana walilalamika mara moja. Mama zao walikuwa wamekaa mbele yao mkutanoni, na lalamiko halikurudiwa.

## Maswali magumu

18. Wiki mbili baada ya kufungua pweza wameisha tena. Tulifanya nini sasa?

Mlivuna. Ndivyo inavyokuwa mkifungua mkaacha wazi hadi pweza wa mwisho. Tazama daftari: kilo nyingi zinatoka bamvua ya kwanza, ya pili ni nusu, ya tatu ni kelele tu. Fungueni siku chache, halafu fungeni tena kabla watu hawajaanza kugeuza mawe.

Kuna jambo ambalo semina hulipita haraka. Watoto wa pweza wakianguliwa huelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua chini, kwa hiyo mayai ya mwamba wenu yanaweza kwenda kutua kwa jirani, na ya jirani kwenu. Faida mnayoiona baada ya miezi mitatu inatokana zaidi na pweza wadogo kupewa nafasi ya kunenepa. Ile ya kuongezeka vizazi inahitaji vijiji vingi kufunga, na hapo jirani yako si mshindani tena. Tukifunga, tunafunga kwa zamu na majirani ili mwamba mmoja daima uwe umelala.

19. Na samaki watanufaika?

Kidogo sana. Miezi mitatu ni fupi kwa tasi, pono na chewa, na mara nyingi mwamba uliofungwa pweza bado unatupwa madema. Kwa samaki mnahitaji sehemu isiyofunguliwa kabisa, ambayo Wakenya wanaiita *tengefu*. Kuruwitu, upande wa Kilifi, wavuvi walijitengea hekta kama 30 tangu miaka ya 2000 baada ya kuona mwamba wao umekwisha, na mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Tunachoona ni kwamba kijiji kikishafanikiwa kwa pweza, mazungumzo ya tengefu huwa mepesi. Waliokataa kusubiri miezi mitatu sasa wameshaona subira inalipa nini. Lakini msiahidi samaki kwa kufunga pweza.

20. Tumefunga mara mbili hatujaona kitu. Tuache?

Kwanza ulizeni usiku wa doria nani alikuwa wapi. Mara tano kati ya sita jibu liko hapo.

Kama ulinzi ulikuwa mzuri, tazameni mwamba wenyewe. Pweza anataka mashimo, na mashimo anayapata kwenye matumbawe na mawe yasiyovunjwa. Mwamba uliopigwa baruti au kukokotwa juya ukabaki changarawe hauna vyumba vya kumlaza. Hali kadhalika matumbawe yaliyokufa kwa joto la maji, kama ilivyotokea pwani yetu yote mwaka 1998, huporomoka taratibu. Kufunga mahali kama hapo kunasaidia kwa miaka, siyo kwa miezi. Hamisheni eneo la pweza mahali pengine, hapo mpaache papumzike kabisa.

21. Hoteli inataka kutulipa tusiufungue mwamba kamwe, wageni wake waogelee. Tukubali?

Inategemea nani anapokea. Pesa ikiingia akaunti ya kijiji na watu watano wakafaidi, wale wanaochokoa watarudi mwambani usiku. Mkikubali, mkataba uwe wa miaka michache, useme wazi njia ya kupita kwa miguu haifungwi, na waliokuwa wakitumia kipande hicho watajwe kwa majina yao na malipo yao. Wasipotajwa, kataeni.

22. Siku ya kufungua nimemkuta jike amelalia mayai. Nimchukue?

Utamjua kwa mlango. Amejizibia kwa mawe kutoka ndani, na mbele ya shimo hakuna magamba mapya kwa sababu ameshaacha kula. Ukichungulia utaona mayai yananing'inia darini kama vishada vya mchele, naye anayapulizia maji. Amekonda, hatoki hata ukimchokoza, na nyama yake haina uzito wa kukufaidi. Mayai yakianguliwa atakufa mwenyewe.

Masharti yetu yanasema aachwe, lakini hakuna mlinzi anayeweza kusimama kwenye kila shimo. Bibi mmoja wa kwetu akimkuta huchukua jiwe alilolisogeza, analirudisha palepale mlangoni, anachomeka kijiti cha mkoko pembeni ili wanaomfuata nyuma wapite mbali.